Mzee Masalia na Ukaguzi wa Siku ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe 28, fundi mkuu wa karakana yetu ya kompyuta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wateja humwita Fundi. Sisi wenzake humwita Mzee Masalia, na ukiuliza nani alianzisha jina hilo, vidole vyote vitanielekea mimi.

Alianza kazi enzi ambazo kompyuta ya nyumbani ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na watoto walikatazwa hata kuipumulia. Ametengeneza kila aina ya mashine, lakini sifa yake kubwa ni kung'oa programu za matangazo. Mtu anapakua mchezo wa bure, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kesho yake hawezi kusoma barua pepe kwa wingi wa matangazo ya dawa za kupunguza tumbo.

Kwa Mzee, kuifuta programu yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni masalia: vidude vilivyojipachika kwenye kivinjari, ukurasa wa kwanza uliobadilishwa kinyemela, ruhusa za kutuma matangazo, na kazi zilizopangwa kujianzisha zenyewe. Akimaliza, huiwasha mashine upya, hukunja mikono na kuikodolea macho dakika kumi nzima. Kisha siku ya tatu huenda nyumbani kwa mteja kukagua tena, aitwe asiitwe. Hata alipokwenda ukweni kwa bintiye mara ya kwanza, mkewe alipomuuliza wakwe wakoje, alijibu kwamba kivinjari chao kina vidude saba.

Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mpaka siku aliyokuja mama mmoja, mwalimu mstaafu.

Kompyuta yake ilikuwa imevamiwa. Niliiondoa programu ya matangazo, skrini ikatulia, nikamwambia mambo safi, nenda nayo. Siku ya tatu alirudi nayo hali ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa aibu na hasira niliamua kufuta diski nzima nianze upya. Mama akaniomba jambo moja tu: nisipoteze sauti za marehemu mume wake, alizozirekodi akiwasimulia wajukuu hadithi. Hazikuwepo mahali pengine popote. Nilimtoa wasiwasi, kwani nilikuwa nimeshanakili nyaraka na picha zake zote.

Mzee alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Aliuliza kwa upole kama nimezisikia hizo sauti kwenye nakala yangu. Loo! Sikuwa nimezisikia. Tulipotafuta, hazikuwemo kabisa. Zilikuwa zimejificha kwenye folda ya programu ya kurekodia, mahali ambapo sikufungua. Ilibaki kubonyeza mara moja tu niwafutie wale watoto sauti ya babu yao.

Mzee hakunifokea. Alizinakili sauti kwenye flashi, akazisikiliza moja moja, kisha akayakuta masalia niliyoyaacha: kazi iliyopangwa kuipakua upya ile programu kila kompyuta inapowashwa. Akaing'oa, akasafisha kivinjari, akawasha upya, akakunja mikono. Safari hii nami nilikunja yangu.

Siku ya tatu tulikwenda wote nyumbani kwa mama. Hakukutokea tangazo hata moja. Mzee alimwomba afungue sauti, na babu akaanza kusimulia habari za sungura aliyekataa kuoga. Mama alilia huku anacheka. Mzee akajifanya anakagua waya wa umeme, nami nikamsaidia kuukagua.

Tangu siku hiyo hakuna fundi wa hapa anayempa mteja neno la mwisho kabla ya siku ya tatu. Hilo ametuachia, na ametuachia mafundi kumi na wawili aliowafunza bila kumdhalilisha hata mmoja.

Mzee wetu, asante sana. Tunakuombea afya, maisha mema na usingizi mnono wa mchana. Nitakukosa, nalisema wazi. Ila tumeshahesabu: ukiondoka Ijumaa, siku ya tatu ni Jumatatu. Kikombe chako kitakuwa mezani. Njoo utukague.