Kiguu na Njia na Gobi Wake Tisa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa lori na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alitambaa siku tatu tu, siku ya nne akasimama na kuelekea mlangoni. Mtaa ukambandika jina la Kiguu na Njia, nalo likamganda hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, dawati la karibu na mlango. Mwalimu wake alisema, "Huyu nikimweka katikati ataangusha wenzake akitoka." Mwaka 1975 alihitimu chuo cha ufundi, na Januari iliyofuata akaajiriwa fundi friji katika ghala la baridi. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na sita, na jioni akizunguka na mkoba wake wa spana nyumba kwa nyumba. Chakula alikula amesimama. Binti yake mkubwa, anayeusoma wasifu huu, anakiri kwamba utotoni alimjua baba yake zaidi kwa mgongo.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani wa jirani, wakajaliwa watoto watatu. Mkewe alizoea. Akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu, "Muulizeni barabara."

Kisha wakaja samaki. Mwaka 2009 aliitwa kutengeneza mashine ya kupoza maji katika duka la samaki wa mapambo, akawaona gobi: samaki wa maji ya chumvi, wafupi kuliko kidole, wenye mstari wa buluu ubavuni. Alirudi nyumbani na wawili wakubwa. Wote walikuwa madume, wakapigana hadi mmoja akafa. Muuza duka akamcheka. "Mzee, nunua wadogo sita, waache wachaguane wenyewe. Wewe ulichaguliwa mke?"

Wawili walichaguana, wakahamia kwenye kipande cha bomba alichowawekea ndani ya tangi. Siku chache baadaye dume halikutoka hata kula. Marehemu, ambaye kwake asiyetembea ni mgonjwa, alilitoa akalitenga. Kumbe lilikuwa likiyalinda mayai na kuyapepea kwa mapezi, maana kwa gobi baba ndiye mlezi. Kufikia kesho yake mayai yote yalikuwa meupe, yamekufa. Alikaa mbele ya kioo cha tangi jioni nzima. Binti yake hakuwahi kumwona amekaa hivyo. Tangu hapo alirudi nyumbani saa kumi na moja kila siku. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima, na binti haoni haya kusema kwamba aliwaonea wivu samaki.

Mayai yalianguliwa mara nyingi, lakini watoto hawakuvuka siku ya kumi na moja. Gobi mchanga huelea ovyo, hana kituo, na hula vijidudu visivyoonekana kwa macho. Akifika umri wa mwezi hivi, akijaliwa, hushika kioo au jiwe akatulia. Hapo ndipo huwa samaki. Marehemu alitaka kumwona hata mmoja tu akitulia.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2024. Tarehe 8 Aprili mayai yalianguliwa; tarehe 11 akalazwa. Alimkabidhi binti chupa za maji ya kijani yenye vijidudu vya chakula na bomba la sindano la kulishia. "Mara nne kwa siku. Na usisafishe sana, mwanangu, usafi umewaua wengi." Kila alipopigiwa simu hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza, "Wangapi?" Mia mbili, themanini, thelathini. Jumapili tarehe 28 Aprili, asubuhi, aliuliza jingine: "Wameanza kukaa?" Binti akajibu, "Bado, Baba." Alifariki saa nane mchana.

Wasifu huu umeandikwa kwa vipande, kati ya mlo na mlo, roho ikiwa juu. Mkwe wa marehemu hayupo hapa makaburini. Amebaki nyumbani kulinda tangi la samaki kwa agizo la familia, tafadhali asisemwe. Binti naye ataondoka mapema.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na gobi tisa wenye umri wa siku ishirini na sita.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ameshavaa nguo za msiba, binti aliinama kuwalisha. Wanane walikuwa wakizunguka. Wa tisa alikuwa ameshika kioo, kimya, mstari wa buluu umeanza kuonekana. Binti ameomba swali la mwisho la baba yake lijibiwe hapa, mbele ya watu wote.

Wameanza kukaa, Baba. Kaa nawe, pumzika, na safari hii usiinuke.