Madawati Yaliyofichwa Ukumbini

Mwezi wa Juni kijiji cha Igowole huamka na ukungu na kulala na ukungu, na katikati yake kuna saa chache za jua jepesi lisiloweza kukausha hata soksi. Saa hizo watu hukaa karibu na mnara wa simu, pale malori ya mbao yanapopunguza mwendo, kwenye benchi la mabanzi, na kunywa kahawa ya tangawizi ya Dada Seve. Ambrosi, aliyewahi kuwaendesha wamisionari wa Kijerumani, wanamwita Ulaya. Aroni, mwenyekiti wa kamati ya shule, wanamwita Posho, kwa sababu hajapata kuonekana kwenye kikao kisichokuwa nayo. Vitus, mwalimu wa darasa la sita, wanamwita Mwalimu tu, maana kijiwe bado hakijaamua kama anastahili kutaniwa. Alasiri hiyo Vitus alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Tuma basi, Mwalimu, alisema Posho. Mtandao wote wa Igowole uko juu ya kichwa chako.

— Naitazama kwanza.

— Unatazama nini? Video ulipiga mwenyewe.

— Ndiyo maana naitazama.

Dada Seve aliinua birika, akauliza ni video gani inayowakosesha watu usingizi mchana. Vitus akamweleza. Upo mradi wa shule za Ulaya. Shule ya huko huchagua shule rafiki huku. Walimu hupewa mafunzo kwa mtandao, watoto huonana na wenzao kwenye kioo wakasomeshana, na shule iliyochaguliwa huletewa kompyuta. Kinachotakiwa ni video fupi ya darasa na chumba chenye umeme. Mwisho wa kutuma ni leo jua likizama.

— Sasa si jambo jema hilo? Dada Seve aliuliza. Mbona umenuna?

Vitus akamgeuzia simu. Dada Seve akainama, akatazama, akasogea karibu zaidi.

— Hawa ni watoto wetu?

— Ndio hao.

— Mbona wako chini?

Posho alikunywa kahawa yake kwa sauti.

— Mbona wako chini, nauliza. Na masweta yao yako wapi? Juni hii?

Ilikuwa asubuhi, Vitus akasema. Mkuu wa shule alifika mapema pamoja na mwenyekiti. Wakaamuru madawati yote ya darasa la sita yapelekwe ukumbi wa parokia. Watoto wenyewe ndio walioyabeba, wawili wawili, wakikanyaga umande. Waliporudi wakaambiwa wakae kwenye sakafu. Kisha mkuu akasimama mlangoni, akatazama, akaona bado hapendezwi, akasema: vueni masweta.

— Mungu wangu, alisema Dada Seve.

— Dakika chache tu, Posho alisema. Hakuna aliyekufa.

— Damari alinyoosha mkono, Vitus akaendelea. Yule mtoto wa fundi wa kupasua mbao. Nikadhani anataka kwenda chooni. Akaniuliza, "Mwalimu, tumefanya kosa gani?"

Akaitazama tena video.

— Walidhani ni adhabu. Darasa zima. Wamekaa kimya kwenye sementi wakisubiri kutajiwa kosa lao.

Ulaya akakohoa, akavuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi.

— Mwalimu, wewe una huruma, lakini wazungu huwajui. Mimi nimewaendesha. Mzungu ukimpitisha kwenye lami, analala. Ukimtumbukiza kwenye shimo, anaamka anatafuta kamera. Ukimtumia watoto wamekaa vizuri kwenye madawati, ataona nini? Ataona watoto wake mwenyewe, weusi kidogo. Atapiga miayo.

— Ongea, mzee, alisema Posho.

— Na kule kwao kuna watoto hawali kabichi. Nimeambiwa na padri kwa mdomo wake. Sasa mwalimu wa kule anafanyaje? Anawawashia Igowole. Mtoto anatazama, machozi yanamtoka, anakula kabichi na anaomba ya pili. Sisi ni dawa, Mwalimu! Dawa ya kabichi. Sasa dawa ikae bure?

— Kuna mashine, Posho akadakia. Siku hizi hawasomi maombi kwa macho. Video inaingia kwenye mashine, mashine inapima huruma. Mshale unapanda. Ukigusa pekundu, kompyuta zinapakiwa.

— Umesikia wapi? Vitus aliuliza.

— Semina.

— Semina ya nani?

— Kulikuwa na wali kuku, sikushika jina.

Dada Seve alicheka kwa hasira, kile kicheko cha puani. Lakini Ulaya hakuwa mtu wa kuzidiwa.

— Mashine ni kitu kidogo. Wale wana jumba zima. Kila chumba na shida yake. Chumba cha njaa, chumba cha mafuriko, chumba cha paa linalovuja. Sasa chumba cha watoto wasio na dawati kiko wazi. Kinatafutiwa watu. Tukizubaa, watawachukua watoto wa kule Makongolosi, na wale tayari wana vumbi usoni.

Lori likapita, limebeba mbao za paina mpaka juu kabisa, mbichi, zikinukia utomvu. Benchi lote likatikisika. Wakalisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Halafu likapita jingine.

— Zile ni nini? Dada Seve aliuliza.

— Mbao, alisema Ulaya.

— Ahaa. Nilidhani na zenyewe tumeshazificha.

Vitus akacheka bila kutaka. Halafu ile hasira aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi ikampanda yote kwa pamoja.

— Mkaguzi akija, tunaazima madawati shule ya jirani, tunayapanga, tunayafuta vumbi. Mzungu akija, tunayaficha. Jamani! Mtoto wa Igowole atakalia dawati lake siku gani, kama kila mgeni anamnyanyua? Na hayo madawati hatukupewa na mtu. Wazazi walileta mbao migongoni. Baba yake Damari alipasua, wengine wakapiga randa pale pale uwanjani, watoto wakiokota maranda ya kuwashia moto. Kila mtoto anajua ubao wake ulitoka kwenye shamba la nani. Halafu leo tunawaambia wenzao wa ng'ambo kwamba wazazi hao hawapo!

— Ndivyo wanavyotaka, Posho alisema.

— Nani amesema?

— Wafadhili.

— Wapi? Mimi ndiye ninayeandikiana nao, Mwenyekiti. Walichoandika ni hiki tu: tuonyesheni mnavyosoma. Basi. Hakuna aliyesema tuwakalishe chini. Hakuna aliyesema tuwavue masweta. Hayo tumeyabuni sisi, kwa akili zetu timamu.

Ulaya alitazama kikombe. Posho akaweka chake chini, na safari hii hakuongea kama mtu wa utani.

— Mwalimu, nisikilize. Mimi si mjinga na siwachukii watoto. Shule ya kule ng'ambo ya bonde walituma kwaya. Sare safi, viatu, nyimbo nzuri, mpaka mimi nililia. Wakaletewa nini? Mabango ya kufundisha kutenganisha takataka. Pipa la karatasi, pipa la chupa. Sisi chupa tunazitafuta! Wale wengine wa kule juu wakapiga picha ya paa linalovuja. Wakapata umeme wa jua. Sasa niambie wewe uliyesoma: wafadhili waliandika nini, na walitoa nini?

Vitus akageuza simu mkononi, na Posho akaendelea.

— Unawafundishaje kompyuta hao darasa la sita?

— Unajua.

— Sema, Dada Seve asikie.

— Nachora kibodi ubaoni kwa chaki, Vitus alisema polepole. Wanakuja mmoja mmoja, wanabonyeza ubao kwa kidole. Damari anaandika jina lake hivyo. Vidole vinabaki vyeupe.

— Haya, alisema Posho. Mimi nataka abonyeze kitu kinachobonyezeka. Ukishindwa kutuma kwa ajili ya hasira zako, kesho utamchorea tena. Utamwambia nini? Kwamba heshima yako ilikuwa nzuri sana?

Vitus akatazama simu. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Kwenye video, mstari wa mbele, Damari alikuwa amejikumbatia magoti na kuangalia moja kwa moja kwenye kamera, si kwa huzuni, bali kama mtu anayengojea kuelezwa. Kule ng'ambo nako yupo mtoto wa darasa la sita. Siku moja wangeonana kwenye kioo, na huyo angemjua Damari tangu mwanzo kama yule wa sakafuni. Na zile kompyuta zilikuwa za kweli. Hilo nalo halikufutika.

— Tuma, alisema Posho kwa upole.

Pikipiki ikasimama mbele yao. Akashuka mwanamke kijana mwenye ovaroli la bluu na begi la vifaa begani, akamlipa dereva, akasogea kwenye moto wa Dada Seve akipasha mikono.

— Kamweneee, aliwasalimia.

— Kamwene, dada. Karibu kahawa.

— Asante, mama. Naitwa Esnath, fundi umeme, nimetoka Mafinga. Namtafuta mwenyekiti wa kamati ya shule.

— Ni mimi, alisema Posho, akijinyoosha. Wewe ndiye wa chumba cha kompyuta?

— Ndiye mimi, baba. Mkuu alinipigia jana, akasema chumba kiwe tayari maana wageni wana masharti. Sasa nimefika, mkuu kaenda Iringa, simu yake haipatikani. Mlinzi kanifungulia, nimekuta chumba kitupu. Nikamwuliza meza au madawati yako wapi, akaniambia ameagizwa kusema shule hii haina madawati.

— Ameagizwa vizuri, alinong'ona Ulaya.

— Mimi sina neno, Esnath alisema. Ni kazi tu. Nataka kujua soketi niziweke usawa gani. Kama watoto watatumia kompyuta wakiwa kwenye madawati, nazipandisha ukutani, juu kidogo ya meza. Kama watakaa sakafuni, inabidi nizishushe, ingawa chini kuna maji ya kudekia na sipendi. Nikishatoboa ukuta nimetoboa. Kwa hiyo, baba, watoto wa shule hii wanakaa wapi?

Posho alifungua mdomo. Akamtazama Ulaya. Ulaya, aliyekuwa na jumba zima la vyumba dakika chache zilizopita, akageukia barabarani kana kwamba amesikia gari la kwake.

— Si... inategemea, alisema Posho.

— Inategemea nini?

— Wageni.

— Wageni ndio watakaokalia?

Dada Seve aliweka birika kwenye jiko bila kutoa mlio. Vitus akabonyeza kioo, mara moja, kisha mara ya pili pale simu ilipomwuliza kama ana uhakika anataka kufuta. Akasimama. Kahawa yake ilibaki kwenye benchi, imeganda utando juu.

— Mwalimu! Posho akasema. Umetuma?

— Nakwenda kwa kina Damari, hapo njia ya parokia. Yeye awaite wenzake wa jirani. Kwa mwanga huu uliobaki tunaweza kurudisha madawati ya mistari miwili, nikapiga video nyingine.

— Na wakitupa mabango? Ehe? Wakitupa mabango ya takataka?

Vitus alikuwa ameshaanza kupanda njia ya parokia. Alisimama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

— Basi nitachora tena, Mwenyekiti. Lakini atakuwa amekalia dawati lake.

Akaenda, akitembea upesi, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye miti ya milingoti. Esnath alimtazama akiondoka, kisha akavuta futi yake, akaiacha ikining'inia kutoka kiunoni hadi chini, akamgeukia Posho.

— Baba, hujanijibu. Usawa gani?

Posho akamnyooshea Dada Seve kikombe chake kitupu, haraka.

— Niongeze kahawa.

— Imekwisha, alisema Dada Seve. Mjibu fundi.