Saa za Kuona Wagonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Ndugu Mkuu wa Chuo, Matroni, wakufunzi wenzangu mlio kazini na sisi tuliostaafu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao leo ndio wenye ukumbi:

Kabla ya yote naomba radhi kwa ukimya wangu. Mliniandikia mara nyingi mkiniomba nisome mapitio ya tafiti mliyokuwa mkiiandalia Bodi, nami sikujibu. Wengine mlidhani nimenuna. Sikununa. Mume wangu alipata kiharusi, akalazwa katika wodi ile iliyo ng'ambo ya uwanja huu, na swali mlilokuwa mkilichunguza likawa ndilo swali langu la kila siku: je, mgonjwa wa kiharusi anayekaa na jamaa yake mchana kutwa hupata nafuu kuliko yule anayetembelewa kwa saa moja tu? Niliogopa kuishika kalamu yangu nyekundu, kwa sababu nilikwishalijua jibu nililolitaka.

Mnanikumbuka darasani. Nilifuta neno "inasemekana" kila nilipolikuta, maana ni kitenzi kisicho na mtenda, na muuguzi hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani kwa amri ya mtu asiyejulikana. Mwenzenu mmoja alilipokea somo hilo kupita nilivyokusudia. Kila aliyesema "inasemekana", hata kantini, hata juu ya ndoa za watu, alimkatiza: "Nani kasema?" Mkambatiza jina hilo, Nani Kasema, nalo limemganda. Ndiye aliyeongoza mapitio haya.

Nimesimuliwa mlivyoanza. Swali lenu la kwanza lilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Mkatafuta kwenye kompyuta ya maktaba, zikamiminika tafiti ambazo hata wajukuu wenu wasingezimaliza. Mkalipunguza: mgonjwa gani, wodi gani, nafuu ipi, nayo inapimwaje. Mkasoma wawili wawili, kila mmoja peke yake kwanza, ndipo mkabishana. Tafiti nyingi zilikuwa upande wa jamaa kukaa wodini. Mkafurahi nyote. Kisha ukapatikana mmoja, uliofanywa kwa uangalifu kuliko nyingi kati ya zile, ulioeleza kwamba wageni waliokaa mno waliwanyima wagonjwa usingizi.

Mmoja wenu akashauri utafiti huo uachwe. Bodi haitajua, alisema, na Mwalimu anashinda kwenye benchi nje ya wodi ya mumewe, mwoneeni huruma. Nani Kasema akamjibu bila kupandisha sauti: "Mwalimu mwenyewe ndiye angetufelisha." Utafiti ukabaki. Nanyi mkaandika mwishoni maneno yaliyonichoma na kunipa fahari kwa pamoja: kwamba ushahidi unaelekea upande wa jamaa kukaa, ila bado hautoshi, wodi moja ijaribiwe, na usingizi wa wagonjwa upimwe.

Mzee wangu alikuwa fundi wa redio, na alinioa akijua ninavyoipenda sarufi. Kwa hiyo aliivuruga makusudi. "Kiti yangu iko wapi?" angeuliza asubuhi, naye amekikalia, ili tu anisikie nikimsahihisha. Kiharusi kiliondoka na sauti yake. Nimekaa kwenye benchi lile la nje nikitamani kusikia kosa moja tu la ngeli.

Wiki iliyopita, saa za kuona wagonjwa zikiwa bado mbali, Nani Kasema, aliyekuwa zamu katika wodi hiyo, alinijia kwa hatua za haraka. Akaniambia mzee amesema. Nikamwuliza amesema nini. Akasimama wima kama anayesoma mbele ya darasa.

"Amesema, 'Mke yangu iko wapi?'"

Hakulisahihisha. Mwanafunzi wangu, niliyemfundisha upatanisho wa kisarufi mpaka akauota, alininukulia neno kwa neno, kosa kwa kosa, nami nikajua kwamba ni mzee wangu kweli. Angeniletea "Mke wangu yuko wapi?", ningeamini? Ndiyo maana ya kunukuu kwa uaminifu, wanangu: nje ya mlango kuna mtu anayesubiri kujua kama sauti ile ni yenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uliniomba niketi katika kamati itakayoamua juu ya saa za kuona wagonjwa. Nakushukuru, na leo nakataa mbele ya mashahidi. Mke aliye mlangoni asikilizwe, naam. Lakini asipige kura, kwa kuwa hamu yangu ni kubwa kuliko ushahidi nilio nao. Yasome mapitio ya vijana hawa mpaka mwisho, pamoja na utafiti ule nisioupenda.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Kengele ya kuona wagonjwa inakaribia kulia, na mpaka sasa tunaruhusiwa saa ileile moja tu. Kwa hiyo picha pigeni bila mimi. Wahitimu, mnakwenda vituo vya mbali. Bodi ikishaamua, kwa vyovyote itakavyoamua, nitawaandikia. Safari hii sitanyamaza, na mstari wa kwanza utasema nani kasema.