Bi. Eugenia Mkude na Wagonjwa Waliojibu Salamu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Eugenia Mkude anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya masikio hapa Kibaha kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila nina hasira, na msomaji anisamehe.

Alianza mwaka 1994 kwa kusafisha masikio ya watoto wa shule. Tangu 2018 kazi yake kubwa imekuwa watu wazima waliopoteza usikivu na kupandikizwa kifaa ndani ya sikio. Upasuaji hufanyika Dar, lakini mtu hatoki huko akisikia maneno. Mwanzoni husikia kelele tu, kama mabati yanayokwaruzwa. Ni lazima kifaa kirekebishwe kwa kompyuta, mara nyingi, kwa miezi na hata miaka, mpaka kelele ziwe maneno. Hapa kwetu kazi hiyo anaijua Bi. Eugenia peke yake.

Orodha ya maneno aliyoletewa kwa ajili ya kupimia ilikuwa na "theluji" na "kasri". Aliifungia kabatini, akatunga yake: kisamvu, kisima, kisigino. Huyasoma akiwa ameficha mdomo kwa kawa la kufunikia chakula, maana wagonjwa wetu ni mabingwa wa kusoma midomo. Hajra, mkulima wa Msimbu aliyepata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo, alianza na maneno mawili kati ya ishirini. Baada ya mwaka alipata kumi na saba. Siku hiyo Bi. Eugenia alipiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio. Hajui kupunguza sauti huyu. Siri ukimwambia asubuhi, inafika getini kabla ya chai ya saa nne.

Machi mwaka huu walikuja wakaguzi kuamua kama nafasi yake ijazwe atakapoondoka. Waliwapimaje wagonjwa? Waliwasalimia! Shikamoo, marahaba. Habari za nyumbani, nzuri. Hamjambo, hatujambo. Wakaandika kwamba wagonjwa wanasikia vizuri na hawahitaji marekebisho zaidi. Watu wazima, wasomi, waliozaliwa nchi hii, hawajui kwamba salamu zetu anaweza kuzijibu hata mtu asiyesikia radi?

Bi. Eugenia alimwita mkaguzi kiongozi, Bwana Tito, arudi. Alimvua Hajra kipande cha nje cha kifaa, kile kinachovaliwa nyuma ya sikio kunasa sauti, akamkabidhi mkaguzi mkononi ili asije akasema kuna ujanja, kisha akamwomba amsalimie. Hajra, bila kusikia chochote, alijibu salamu zote sawasawa. Ndipo Bwana Tito, akiwa ameinamia makaratasi yake, akauliza, "Mwaka huu mmepanda nini, mama?"

"Wazima wote, tunamshukuru Mungu," Hajra akajibu.

Chumba kizima kilicheka. Hajra hakucheka. Aliporudishiwa kifaa na kuelezwa, alisema ndivyo alivyoishi miaka sita, misibani na sokoni: watu wanamsalimia, wanaondoka wameridhika, yeye anabaki peke yake.

Bwana Tito aliahidi kuisahihisha ripoti. Hajaisahihisha. Wiki mbili zilizopita imekuja barua: nafasi haitajazwa, chumba kifungwe. Na sisi tumeisoma, tumeibandika ubaoni, tumeendelea kuchanga hela za keki. Aibu yetu.

Bi. Eugenia anakwenda kwenye mikorosho yake Vihingo. Juzi Hajra aliniomba nimwelekeze njia ya huko, maana kifaa kimeanza tena kukwaruza. Nilikataa. Kompyuta haiendi Vihingo, na mwanamke huyu ametubebea mzigo wetu vya kutosha. Nilimwambia Hajra aje hapa hapa Jumatatu, akae mlangoni kwa mganga mfawidhi, asiondoke mpaka apewe jibu. Mimi nitakaa naye.

Asante, Bi. Eugenia. Kula korosho zako, lala mchana, piga kelele upendavyo. Tunakuombea ustaafu mwema na maisha marefu. Na tukikupigia simu kuhusu kazi, usipokee.