Nikakinge Yanayovuja

Mshona nguo alikuwa akisinzia ndani ya basi hadi fundi bomba wa kiti cha mbele alipomwambia mama muuza mkaa aliyekaa naye, “Shirika jipya la maji limetoa hesabu zake. Nusu ya maji ya mtaa wenu yanavuja, mabomba yamechakaa.”

Usingizi ukamruka. Mtaa huo ulikuwa wake pia, na bomba walikuwa wakilisikia redioni tu.

“Toba!” mama alimaka. “Yamechakaa lini, na hata mtaro haujachimbwa?”

“Usinigeukie mimi, mama yangu. Fedha za kuyabadilisha zimeshatoka.”

“Zimetoka zikaenda wapi?”

Fundi akachungulia dirishani, kana kwamba zimepita hapo sasa hivi.

Basi likasimama. Mama akanyanyua dumu lake tupu. “Nipishe, mwanangu, nikakinge hayo yanayovuja.”