Haki ya Chenga: Maisha ya Bi. Apolinaria Ngollo wa Tabora, 1903–1953

Yupo hapa Bwana Raymundi Jilala, mume wa marehemu. Wapo Dionis na Eustadia, watoto wake. Yupo Padre Anselm, aliyempa sakramenti ya wagonjwa. Yupo Bwana Saidi bin Nassibu, jirani wa ukuta mmoja. Wapo waheshimiwa waliokuja kwa motokaa, na nyuma yao yupo Bi. Kuluthumu pamoja na watwangaji wenzake thelathini na wanane. Anayesoma ni Anton Ngollo, kaka wa marehemu, karani mstaafu wa reli.

Apolinaria alizaliwa Lusu, tarehe 9 Februari 1903, binti wa Mzee Ngollo, aliyebeba pembe hadi pwani mara saba, na wa Mama Bernadeta, aliyetwanga mpunga wa watu mjini Tabora ili wanawe wale. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, akafundishwa kusoma, kushona na kunyamaza, ingawa hilo la tatu halikumkaa.

Tarehe 11 Juni 1921 alifunga ndoa na Bwana Raymundi, wakati huo mchuuzi wa asali na nta, ambaye, kadiri gari moshi lilivyoshusha vyuma na mapipa ya mafuta, alipanda upesi hata macho yetu yakachoka kumfuata: nyumba ya vioo, motokaa, santuri sebuleni, na Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, akinywa chai barazani kwake.

Jumamosi, tarehe 2 Julai 1938, mashine yake ya kukoboa mpunga ilifunguliwa. Injini iliponguruma vikombe vilitetemeka mezani, wazee wakavua kofia, na mpunga ambao wanawake kumi wangeutwanga siku mbili ukatoka mweupe kabla chai haijapoa. Ndipo Bi. Kuluthumu, aliyesimama mlangoni na mchi begani, aliposema, "Mama Dionis, leo mmetuzika pamoja na vinu vyetu." Maana desturi ya Tabora ni kwamba mwenye mpunga huchukua mchele, na mtwangaji huchukua chenga, yaani punje zilizovunjika, na pumba, ndiyo riziki ya watoto wake, na Bwana Raymundi alikwisha kumwahidi mfugaji mmoja chenga zote za mashine.

Apolinaria, katika gauni lake la hariri, alichota chenga kwa mkono, akauliza mbele ya wageni wote, "Baba Dionis, mashine hii ina tumbo?"

"Haina."

"Basi chenga zake anakula nani?"

Bwana Raymundi alimtazama Bwana Shauri, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasema, "Wape." Alikula siku tisa bila kumsemesha mkewe, siku ya kumi akawajengea watwangaji banda la kungojea mgawo wao.

Apolinaria aliugua moyo tangu Novemba 1952. Watwangaji waliulizana getini, akifa huyu, chenga zitakuwa za nani? Maneno hayo yalimfikia kitandani, akamwita mumewe, wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Bwana Raymundi ameagiza lisomwe hapa, mbele ya mashahidi: chenga ni za watwangaji, hata mashine itakaporithiwa.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Tabora, majirani wa dini zote, wafanyakazi wa mashine, na akina mama waliolala sakafuni kumuuguza. Dada, shusha mzigo, ulale kwa amani ya Bwana.

Bi. Apolinaria Ngollo alifariki nyumbani kwake, Jumanne, tarehe 12 Mei 1953, saa nne asubuhi.