Watoto Njiti wa Sista Ikupa

Jumatano, tarehe 9 Machi 2005, Tukuyu iliamka na ukungu na mvua nyembamba. Ndani ya Kosta, basi dogo la kwenda Mbeya, Sista Ikupa, mkuu wa wodi ya wazazi, aliketi na Tulia, muuguzi wake aliyepata nafasi ya kusomea uzamili.

"Na utafiti wako unahusu nini, mdogo wangu?"

"Watoto njiti, Sista. Tunavyowapasha joto kwa chupa za maji ya moto."

"Tunavyowapasha? Nani alikufundisha kuzifunga kwa khanga na kupima joto kwa kiwiko? Ulikuja wodini unaogopa hata kuwashika!"

Mama mmoja wa Mpuguso aliacha kutafuna ndizi ili asikie vizuri. Tangu Jumapili Ikupa alikuwa akimwomba Mungu amwondolee wivu, lakini majibu yalikuwa bado njiani.

"Hata wewe ungekwenda kusoma, Sista."

"Niende, njiti nimwachie nani? Wewe uliyekuwa ukikimbilia semina?"

Abiria wa nyuma wakaguna. Tulia akainama. "Jina lako nitaliandika ukurasa wa kwanza."

"Juu ya lako?"

"Hapana. Chini yake, kwenye shukrani."

Kosta ikasimama Kiwira. Ikupa akasimama pia, akawageukia abiria. "Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Basi kuweni mashahidi: Jumatatu naanza masomo ya jioni, na habari za njiti nitakuja kuziandika mwenyewe, hata kama nitakuwa na mvi kichwa kizima!"